Anayesimama Nyuma ya Kinanda

Jumatatu, 3 Machi 2014

Kosa la wengi: wakiona wawili jukwaani, humhesabu anayeimba tu. Mwingine humwona kama sehemu ya vyombo.

Nimepiga piano ya chai ya alasiri hotelini, mtaa wa Al Rigga, huku Uarabuni, kama kawaida. Kisha nikawapisha vijana wangu wawili niliowafundisha muziki. Nekesa wa Bungoma anaimba, Okello wa Gulu anapiga kinanda. Wageni wa makamo huwaomba nyimbo za kundi la Waingereza wawili lililovuma miaka ya themanini. Wanazipiga vizuri. Vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Habari mbaya. Meneja anataka Nekesa aimbe peke yake, muziki utoke kwenye kompyuta. Viza ya Okello ni ya hoteli. Akiondolewa, anarudi Gulu. Alhamisi kuna majaribio, kisha Nekesa atoe jibu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza Nekesa kwa utaratibu. Wale Waingereza, mmoja huimba. Mwenzake husimama nyuma ya vinanda, hacheki, hasemi. Watu walimdharau. Kumbe nyimbo wanatunga wote wawili. Makundi ya rika lao yamevunjika, wao wanazeeka pamoja. Na vijana wanaotengeneza midundo kwenye kompyuta leo, wengi wamejifunza kwao.

"Mwalimu, hao wana jina," akasema. "Mimi nina mama na wadogo zangu wanasoma."



Okello alitusikia. "Mwache aende, mzee. Yeye ndiye sauti. Mimi ni umeme tu, na umeme hapa haukatiki."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio, mchana, wageni wachache. Nekesa ana tabia moja. Akiona mgeni anaimba naye, hulivuta neno la mwisho ili amngoje. Okello husikiliza pumzi yake, naye hungoja. Kompyuta haikungoja. Kiitikio kikampita. Akakifukuza, kikampita tena. Akanyamaza. Muziki ukaendelea wenyewe, hauna habari. Niliumia.

Okello alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Wewe, unaniangalia tu?" Nekesa akamwambia. "Si uje."

Akaja. Akazima kompyuta, akaketi. Wakauanza wimbo upya.

Meneja alisikiliza hadi mwisho. "Khalas," akasema, yaani basi, akaondoka. Hatukujua ni basi ya kukubali au ya kukataa.

Ijumaa, 7 Machi

Kanisani asubuhi. Hapa siku ya mapumziko ni Ijumaa, ndiyo Jumapili yetu. Nekesa na Okello wamekaa benchi moja, wananong'ona wakati wa mahubiri. Sikuwakemea.

Nekesa amemwambia meneja: wawili, au hakuna. Meneja amekubali hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo, hakuna ajuaye. Okello ameshaanza kutoa nguo sandukuni.

Nimetulia. Nimekunywa chai polepole.

Kitu kimoja bado. Wageni wanamwita Okello "yule wa kinanda". Leo jioni, kabla sijawapisha, nitamtambulisha kwa jina.