Kadi ya Denny Iliyosafishwa

KITUO CHA POLISI, TOLEDO, OHIO
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Malalamiko ya uharibifu wa mali
Mlalamikaji: Gary Stoltz
Mlalamikiwa: Lorraine Dudek
Jina la shahidi: Stanley Gorecki
Umri: Miaka 81
Kazi: Mstaafu, kiwanda cha vioo, upande wa tanuri
Elimu: Darasa la nane, na hilo la nane nilipewa kwa huruma ya masista
Makazi: Juu ya duka la soseji, Mtaa wa Lagrange
Tarehe ya maelezo: 16 Juni 2008

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu, na nimeonywa mara ya pili nisimtanie afande anayeandika. Hilo la kwanza nitaliweza.

Ninakusanya kadi za wachezaji wa besiboli, pamoja na takataka nyingine za mchezo huo: tiketi zilizochanika, kofia zenye jasho la watu waliokwisha kufa, na mpira mmoja ambao nina hakika ulitafunwa na mbwa. Marehemu mke wangu aliuita ugonjwa. Sikubishana naye, maana alikuwa akiyasema hayo huku amelala kitanda kimoja nao.

Kila Jumamosi asubuhi wakusanyaji wachache tunakutana chumba cha nyuma cha duka la Vern Oakes kuonyeshana tulichonunua. Utaratibu wetu ni huu. Donati zinaliwa mbele, dukani, kwa sababu mafuta ya vidole yanaua kadi. Mtu ananawa, anajifuta, ndipo anaingia. Kila mmoja analaza mezani alichokipata, uso chini, anaeleza kilivyomfikia, wenzake wanamkejeli mpaka wachoke, kisha anafunua. Hakuna anayegusa cha mwenzake bila kuruhusiwa. Amri za kanisa nimevunja karibu zote, lakini hiyo ya Vern sijawahi.

Ray Dudek alikuwa mwenzetu. Nilifanya naye kazi tanurini mpaka tukastaafu. Alifariki Januari mwaka huu. Yeye na mkewe Lorraine walijaliwa mtoto mmoja tu, Denny, aliyekufa kwa saratani ya damu akiwa na miaka minane, zamani hizo sisi sote tukiwa bado na nywele. Baada ya mazishi Ray alichukua madaftari ya mtoto, michoro yake, kila kitu alichopata kukigusa kwa penseli, akavichoma uani. Lorraine alikuwa amelala kwa mama yake, hakujua. Ray aliniambia hakuweza kupita tena mbele ya vitu vile. Kitu kimoja kilisalimika kwa kuwa kilikuwa ndani ya sanduku la kadi: kadi ya Hub Mazurek, mdakaji wa Detroit, ambayo Denny alikuwa ameiandika jina lake nyuma kwa penseli ili watoto wa jirani wasimwibie.

Kila mwaka, wiki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, Ray alikuja nayo kwa Vern. Aliilaza uso chini kama kawaida, hakueleza kitu, wala hakuifunua. Tuliitazama ilivyo, mgongo juu, kisha zamu ikaenda kwa mwingine. Hata mimi, niliyewahi kutania mazishini, nilifunga mdomo.

Gary Stoltz alijiunga nasi miaka michache kabla ya kifo cha Ray. Ana biashara ya kusafisha mazulia, yale magari yenye picha yake akiwa ameshika bomba kama bunduki. Afande ameniuliza waziwazi kama ni mtu mbaya. Nimejibu hapana. Ni mtu ambaye akiona doa hapati usingizi. Na kadi ya Ray aliiona pale mezani kama tulivyoiona sisi.

Baada ya mazishi ya Ray, Lorraine alimwuzia Gary masanduku yote ya kadi kwa pamoja. Hakuyafungua, kwa sababu alisema yananuka Ray. Gary alilipa kiungwana na hapo hakuna ugomvi. Ilipopita Pasaka ndipo Lorraine alipokumbuka kwamba kadi ya Denny imekwenda na masanduku. Siku hiyo nilikuwa kwake, nimekwenda kutengeneza bomba la jikoni, maana yake nimekwenda kula kabichi zake zilizofungiwa nyama. Alimpigia Gary simu mbele yangu. Nilimsikia akisema, "Ile yenye maandishi nyuma, Gary. Ile ya Denny." Akashukuru, akarudia kushukuru. Alipoweka simu akaniambia Gary anaijua na ataileta ikiwa tayari. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kadi inahitaji kuwa tayari kwa lipi.

Mnamo tarehe 14 Juni 2008, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, niliwasili dukani kwa Vern nikiwa na shemeji Lorraine ndani ya gari langu, kwa kuwa Gary alikuwa amemwambia kadi iko tayari. Namwita shemeji kwa sababu Ray alikuwa ndugu yangu kuliko ndugu zangu. Alivaa koti lake la kanisani na joto lote lile. Donati hakula. Alinawa mikono kama alivyoelekezwa, akaketi kwenye kiti cha Ray, mimi kushoto kwake, Gary upande wa pili wa meza.

Alianza Vern. Alileta glavu yenye saini aliyoinunua Fort Wayne, akadai ni saini ya mrushaji mmoja maarufu. Nikamwambia hiyo saini ni ya daktari, hapo ameandikiwa dawa ya kikohozi. Nikafuata mimi na kidoli cha mchezaji, vile vya kutikisa kichwa, ila springi imekufa na kichwa kimeangukia kifuani. Gary akasema, "Umejinunua mwenyewe, Stan, ukiwa kwenye misa." Lorraine alicheka. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari.

Gary alifunua ya kwake juu ya kitambaa cheusi. Ilikuwa kadi ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, zile zilizokuwa zikiwekwa ndani ya pakiti za sigara, ameipata mnadani Cleveland. Ilikuwa tupu, haijatiwa kasha, kwa kuwa alikusudia kuituma Jumatatu kwa kampuni inayopima kadi. Kampuni hizo huitazama kadi kwa darubini, huipa alama mwisho kumi, kisha huifunga ndani ya kasha gumu la plastiki na alama yake juu, ikawa haiguswi tena na binadamu. Kadi yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima. Nilipiga mluzi.

Kisha Gary akatoa mfukoni kiboksi chenye utepe, akakisukuma mbele ya Lorraine. "Na hii ni ya mama," akasema.

Ndani ilikuwa kadi ya Hub Mazurek kwenye kasha la plastiki, na namba nane juu yake. Lorraine hakuutazama uso wa Mazurek hata kidogo. Aligeuza kasha palepale, akatazama mgongo. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha koti, akaivaa, akatazama tena.

"Siyo hii," akasema.

"Ndiyo yenyewe, mama. Nimeisafisha."

Gary akatueleza alivyofanya, na alieleza kwa raha, kama mtu anayesimulia safari. Alitumia kifutio laini cha wachora ramani, taratibu, jioni baada ya jioni. Halafu akaitia unyevu kidogo na kuibana kati ya vioo viwili kwa wiki kadhaa, mpaka hata mfereji uliochimbwa na penseli ukajaa. Mpimaji wa kampuni hakugundua. Akasema ufukwe wote huu wa ziwa hakuna Mazurek mwingine mwenye nane. Aliongeza neno moja ambalo ninaamini lilitoka moyoni: "Ray angefurahi."

Vern akatazama dari.

Lorraine akauliza jina liko wapi. Gary akajibu limetoka lote, hakuna hata kivuli. Lorraine akauliza tena kwa sauti ileile, "Gary, limekwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoona uso wa Gary unaanza kuelewa. Mtu akijua kwamba amesafisha zulia la nyumba siyo, nafikiri huwa hivyo. Akasema, "Mama, mimi nilidhani unataka kadi."

Lorraine hakulia, wala hakupaza sauti. Aliweka kasha chini. Palikuwa na penseli mezani, ambayo Vern huandikia bei. Aliichukua. Kadi iliyokuwa karibu na mkono wake ilikuwa ile ya Gary ya mnadani, juu ya kitambaa cheusi. Aliigeuza uso chini, akaandika nyuma yake: DENNY.

Gary amesema katika malalamiko yake kwamba alipiga kelele kumzuia. Si kweli. Alisema "Mama" kwa sauti ndogo, mikono yake ikiwa hewani.

Afande ameniuliza kama mlalamikiwa alifanya hivyo kwa kulipiza kisasi. Gary amemweleza kwamba jina limeandikwa mara tatu, na kwamba mara tatu ni ushahidi wa nia mbaya. Mimi nilikuwa nimeketi na Lorraine kiwiko kwa kiwiko, Gary alikuwa ng'ambo ya meza, kwa hiyo naomba nisikilizwe mimi.

Aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Alipomaliza mara ya kwanza aliinua kadi karibu na macho, akasema chinichini, "Hapana. Mkia wa Y ulikuwa unarudi chini ya jina." Akaandika tena chini yake, mkia ukarudi. Akatazama. "D yake ilikuwa na tumbo zaidi." Akaandika mara ya tatu. Aliandika ya pili kwa sababu ya kwanza haikuwa yenyewe, na ya tatu kwa sababu ya pili haikuwa yenyewe. Mtu anayetaka kumkomoa Gary Stoltz angetosheka na mstari mmoja katikati.

Kisha akanigeukia. "Stan, wewe uliiona kila mwaka. Y yake ilikuwaje?"

Nilimjibu, "Sikumbuki, shemeji." Miaka yote ile kadi ikiwa mezani mimi nilikuwa namtazama Ray.

Akalaza penseli, akaniomba nimrudishe nyumbani. Gary alikuwa amekwisha kupiga simu polisi, tukaambiwa tungoje. Lorraine akangojea ndani ya gari langu, dirisha limefungwa. Mimi nilirudi ndani nikamwuliza Gary kwa nini asiifute, nayo ni penseli tu, na yeye ndiye fundi wa kufuta. Akasema ile karatasi ni kuukuu mno, haiwezi kustahimili kifutio, na hata ikistahimili alama itabaki. Akasema, "Haitatoka yote, Stan." Nikamwambia basi amepata bahati aliyoikosa Lorraine. Nikaongeza na neno jingine ambalo afande amekataa kuliandika.

Kuhusu ile kadi ya Mazurek, Gary amesema hapa kituoni kwamba ni zawadi na haichukui tena. Lorraine aliiacha mezani. Vern ameitia kwenye droo ya risiti. Mpaka jana jioni hakuna aliyekwenda kuiulizia.

Sina zaidi ya hayo. Maelezo haya nimesomewa na afande kwa sauti, na yako kama nilivyosema, isipokuwa pale alipoandika kwamba mlalamikiwa aliandika kwa hasira. Nimemwomba alikate neno hilo. Amelikata, ameweka "kwa penseli," nami nimekubali kuweka saini yangu chini yake.

(Saini) Stanley Gorecki

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya kutoka kinywani mwa shahidi, nikamsomea, akasahihisha neno moja kama ilivyoonyeshwa. Kielelezo, kadi moja yenye jina lililoandikwa nyuma kwa penseli mara tatu, kimehifadhiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Kabla ya kusaini, shahidi aliomba kukitazama. Nilimwonyesha ndani ya mfuko. Alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akakiinamisha huku na huku. Nilimwuliza kama kati ya majina hayo matatu kuna lolote linalofanana na mwandiko wa mtoto. Alijibu: "Hakuna." Kisha akaomba kalamu.

(Saini) Denise Calloway, afisa wa polisi