Wafupi Watano Chini ya Ringi

Jumamosi usiku

Nimejitoa mwenyewe uwanjani, na bado nina furaha.

Kocha alitupanga wafupi watano, eti hata timu za kikapu za kulipwa hucheza hivyo siku hizi. Kweli tulikuwa wepesi. Lakini kila mpira ulipogonga ringi, wasichana warefu wa Ngong waliudaka juu ya vichwa vyetu.

Wakati wa mapumziko nilinyoosha mkono, mimi ambaye hata darasani sinyooshi.

"Mwalimu, hata hizo timu hupigwa hivi. Mwingize Naserian."

"Huyo twiga? Na nani atoke?"

"Mimi."

Tulishinda kwa kikapu kimoja, cha Naserian. Sijui kama nitapangwa tena kuanza mechi. Hilo linaniuma.

Lakini tukivua viatu kocha alichuchumaa kando yangu. "Sasa, mechi ijayo, wale wa Kajiado tuwapangie nani?"