Sauti ya Mama Mkwe Imo Ndani ya Tableti

Dada Mong'ina mpendwa, nakuomba msaada na usinicheke, kwa sababu shida yangu ni tableti, na nikitaja tableti watu hapa Awendo wanaona nalilia kitu cha kuchezea.

Mama mkwe wangu anaitwa Susana, na nampenda mama huyo kuliko vile nimewahi kumwambia. Hakusoma, hata jina lake anaandika kwa shida, lakini bwanangu Jared alipoenda kuchimba dhahabu Macalder akatununulia tableti dukani kule Rodi Kopany ili tuonane kwa video, ni Mama aligundua kwamba ukibonyeza ile alama ya maikrofoni inashika sauti, mimi mwenye nilimaliza form four sikuwa nimejua. Tangu hapo kila jioni akibambua njugu anamsimulia msichana wangu wa miaka sita sigana, zile hadithi za nyumbani kwa nyanya, na kabla ya kuanza anaiambia tableti ikae vizuri isikilize, kama ni mjukuu mwingine, halafu fisi anapewa sauti yake na sungura yake, mpaka mtoto wangu wa kunyonya analala bila kubembelezwa na mimi napumzisha mgongo. Ziko arobaini na tatu.

Sasa ako na uvimbe shingoni, atapasuliwa mwisho wa mwezi, na daktari alituambia wazi kwamba sauti inaweza kubadilika. Mama hakulia. Alinishika mkono akasema, "Nyathina, mtoto wangu, hata nikirudi nikinguruma kama trekta ya miwa, huyu mjukuu atanipata mle ndani."

Nikamwambia ziko salama, Dada, na hapo ndipo nilidanganya, maana sikuwa nimeangalia.

Tableti imejaa, inajizima na kujiwasha. Faruk, fundi wa simu hapa sokoni, alisema dawa ni kuriset, yaani ifutwe yote ianze kama imetoka dukani, na nikamwambia afute tu, kwa sababu picha zetu zote Jared anaziona kwa simu yake kule Macalder, kwa hivyo nilijua na sauti zimemfikia. Kidole chake kilikuwa hapo kwa kioo akaniuliza paswadi ya akaunti. Nikasema sijui, akaunti tulifunguliwa na Ruqia wa duka la Rodi siku ya kununua, akaiweka kwa tableti na kwa simu ya Jared, sisi tukabeba tukaenda. Hapo nikaingiwa na shaka, nikampigia Jared aangalie kama sauti zilimfikia kweli. Picha ziko, sauti hakuna hata moja. Nilimnyang'anya Faruk ile tableti mpaka akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Jared anasema nifute, mathe wake atasimulia tena. Mama naye kila asubuhi ananiuliza kama imepona. Nimwambie ukweli ama ninyamaze aende hospitali na roho tulivu? Na hii kitu nifanyeje? Mimi nimechoka.

Damaris, Awendo

Damaris,

Sikucheki. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya Susana tu. Mwanamke asiyeandika jina lake bila shida amewawekea wajukuu hadithi arobaini na tatu kwa kidole kimoja. Ningependa kumsalimia.

Wewe nakukemea kidogo. Uliambia fundi afute kitu ambacho hukuwa umekihesabu. Picha kufika Macalder haimaanishi kila kitu kimefika. Akaunti hubeba kile ilichoambiwa ibebe, na yenu iliambiwa picha. Na huo mtindo wetu wa kuachia msichana wa duka atufungulie akaunti, tukarudi nyumbani bila hata kuuliza paswadi, uishe. Karibu kila nyumba huku imefanya hivyo.

Lakini ulinyang'anya. Hilo limeokoa yote.

Sasa rudi kwa Faruk na memori kadi mpya. Ahamishe sauti zote kwa kadi, kisha aitoe, aiweke kwa simu yako. Akikwambia zimeingia, usiitikie. Hesabu mpaka arobaini na tatu, ufungue ya kwanza, ya mwisho na moja ya katikati, uzisikie kwa masikio yako. Umtumie Jared nakala, ndiyo zisilale nyumba moja. Jared ajaribu kubadilisha paswadi kwa simu yake, na ikikataa muende kwa Ruqia awasaidie. Muiandike kwa daftari. Faruk aiondoe akaunti hiyo kwa tableti kwanza, ndipo afute kupitia seting'i, vinginevyo itawauliza paswadi na iwafungie nje. Kadi iwe kwako, mbali na tableti, wakati anafuta.

Jared, nawe ukisikia haya: mathe anaweza kusimulia tena, lakini huenda isiwe kwa sauti hii. Ndiyo sababu bibi yako alikimbia na tableti.

Na Mama mwambie ukweli, leo, kabla hujaenda kwa Faruk. Mwambie uliogopa. Mtu aliyepokea habari ya kisu shingoni bila kulia hawezi kuvunjwa na habari ya tableti. Ukirudi nayo ikiwa safi, mpe yeye kwanza, na njugu zake, na watoto wote wawili. Abonyeze mwenyewe. Hiyo itakuwa ya arobaini na nne, na wewe, Damaris, siku hiyo usioshe vyombo. Kaa chini usikilize.

Mong'ina