Nkwabi Amefungiwa Ndani ya Diski D

Jumatatu, 30 Juni 2025
Leo nimepiga windo jipya, ile programu ya kuiendesha, kwenye tableti, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu! Runzewe nzima ikae kimya.

Haya, basi. Kapiga fundi Sostenes. Mimi nilishika chaja. Ila niliishika vizuri.

Ilikuwa imeganda, inazungusha vidoti tu. Sasa inawaka — lakini diski D imejifunga, inadai ufunguo. Minamba mirefu kama treni! Na humo ndimo alimo marehemu mdogo wangu Nkwabi, manju, mtunzi na mwimbishaji wa kikundi chetu cha ngoma, anaimba wimbo wake wa mwisho. Alitukataza kuufanyia mazoezi, wapinzani wasije wakauiba. Tukatii. Sasa hakuna anayeujua! Na Saba Saba tunashindana Bugarama.

Sostenes anataka kufomati D. Eti itafunguka, ila tupu. Nimemwambia afomati kwanza kichwa chake.

Jumatano, 2 Julai
Nimeipaka tableti dawa ya ngoma, ile ya kuvuta watazamaji. Haikufunguka. Imevuta inzi. Sostenes kanuna, kioo kinanata.

Masudi, manju wa wapinzani, kapita makusudi. Eti mwaka huu mtacheza bila kuimba? Nikamwambia hata mbuzi wetu anaimba kumshinda. Tukacheka. Mimi kidogo.

Sostenes kauliza nani aliiwasha mara ya kwanza, maana ufunguo hujihifadhi kwenye akaunti yake. Ni Juliana wa Chato, mke wa mwanangu Benedict. Mkwe! Tangu aolewe hatujasemezana. Kwetu ndiyo heshima, akipita huku mimi napita kule. Mdomo wetu ni Benedict, naye yuko chini mgodini, simu haipatikani.

Ijumaa, 4 Julai
Mke wangu Zipora kakubali kukaa katikati. Juliana anasoma namba kwenye simu, Zipora anazirudia, mimi nimegeukia ukuta nabonyeza. Adabu tupu. Ufunguo — umekataliwa!

Sostenes kachungulia. Kumbe kwenye akaunti funguo ziko mbili, mmoja wa windo la zamani. Kila mmoja una herufi zake za kuutambulisha. Tutafute ambao herufi zake zinafanana na zile za kwenye kioo.

Zipora kachoka. "Semezaneni wenyewe, ugali wangu unaungua!" Kaacha simu mezani, sauti juu, kaenda zake jikoni.

Halafu sauti ndogo: "Shikamoo, baba."

Nikakohoa mpaka kuku wakakimbia. "Marahaba, mwanangu. Herufi ya kwanza ni..." Mtandao ukakata. Mtandao nao una wakwe!

Jumamosi, 5 Julai
Juliana kapiga simu mwenyewe asubuhi! Herufi zimefanana. Kanisomea taratibu, fungu kwa fungu. Nikikosea anacheka, kisha anaomba radhi kwa kucheka. Nikamwambia cheka tu, mama, hata ukuta umechoka kunitazama.

D imefunguka! Kufuli limeachia. Ndani faili moja, limeandikwa Nkwabi.

Vijana wa ngoma wamejaa uani. Juliana bado yuko hewani, anauliza, baba, anaimba? Sijabonyeza. Kidole kimegoma. Naandika hapa nionekane nina kazi.

Zipora! Leo nimekuchotea maji bila kuambiwa. Basi na wewe njoo unibonyezee hiki kitu.