Nyumba Iliyomgeuzia Baba Mgongo

Ekerenyo, Nyamira
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Jethro,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na wifi Emily, na watoto? Tumesikia baridi imekwisha kuanza huko Minnesota, na kwamba Linda alikuwa akilia kwa maumivu ya sikio. Je, amepona? Mama ameniuliza hivyo mara mbili kabla sijashika kalamu, na ameagiza niandike kwamba mtoto afunikwe kichwa hata ndani ya nyumba, kwa kuwa nyumba za huko hazina moto wa kuonekana. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa kifua cha Mama, ambacho nitakieleza hapa chini.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Kwenye kundi la familia Baba Mdogo Nyakundi husoma kila neno, na kwenye simu wewe hunimalizia sentensi zangu. Drusilla, binti wa jirani, anarudi huko Jumatano, naye amekubali kuibeba pamoja na unga wa uji wa wimbi. Karatasi haikatizwi. Naomba uisome hadi mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Kwanza nikupe habari za nyumba kama zilivyokwenda, maana picha ulizotumiwa zilipigwa siku za jua tu.

Mwezi wa nne fundi Manasseh wa Keroka aliezua mabati yote kwa siku moja, akaahidi kuezeka upya baada ya siku tatu. Siku ya nne hakuonekana. Nilipompigia simu alisema yuko njiani. Kaka, kutoka Keroka mpaka Ekerenyo mtu huyu alikuwa njiani siku kumi na moja. Mvua ya mawe ilinyesha mara mbili juu ya turubai, ikalitoboa, na viti vya sebuleni vikanywa maji hadi vikaota ukungu mweupe. Mama na mimi tulikuwa tukihamisha vitanda kama watu wanaocheza bao. Aliporudi, alisalimu kana kwamba aliondoka jana, akasema, "Mama, mvua ya Nyamira haina ratiba." Mama akamjibu, "Nawe ni ndugu yake."

Madirisha yalikuja makubwa kuliko nafasi zake, kwa hiyo kuta zilizokuwa zimepigwa lipu zilivunjwa tena. Wiki tatu tulikunywa chai yenye vumbi la saruji. Nilikuwa nikifika kazini Nyamira na nywele za mvi, na wenzangu wa masijala wakaniita nyanya.

Nisiwe mtu wa lawama tupu. Siku maji yalipoingia ndani ya nyumba, mwezi wa saba, Mama alifungua mfereji, akaufunga, akaufungua, akaniambia nisimwambie mtu kwamba anaufungua bila kazi. Miaka thelathini na minne amepanda kile kilima na mtungi mgongoni. Alimwita Shangazi Nyamusi aje anawe mikono, ingawa hakukuwa na chakula. Siku hiyo nilikuombea baraka kwa jina lako lote, na hizo baraka sizirudishi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka mlango wa mbele ulivyokuwa ukitazama mlimani. Tulipomzika Baba, miaka tisa iliyopita, wazee walisimama kwenye mlango huo wakitazama nje, wakapima. Mwanamume hulala mkono wa kulia wa mlango wake, na mkono wa kushoto huachiwa mkewe. Tangu siku hiyo Mama hajapanda kitu upande wa kushoto, hata shina la sukuma wiki. Ni nyasi tu, anazikata yeye mwenyewe kwa panga. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kwa sababu kwetu kila mtu anajua. Na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna aliyelitia kwenye ramani.

Wewe ulitaka veranda itazame barabara mpya ya lami. Baba Mdogo, uliyemwachia usimamizi, akafurahi kupita kiasi. Mchoraji akaigeuza nyumba ikatazama chini. Fomu ya kuombea kibali niliijaza mimi, kaka, kwa mwandiko wangu huu unaousoma. Penye "upande wa mbele" niliandika "barabarani." Nilihakiki vipimo mara tatu, nikahakiki tahajia, nikahakiki muhuri. Sikuhakiki Baba alipolala. Hilo ni kosa langu na sitaki ulichukue wewe.

Mwezi wa nane mlango wa mlimani ulizibwa kwa matofali ya saruji, na bomba la sinki likatolewa ukutani upande huo huo. Maji ya vyombo sasa yanamwagika hatua tano kutoka kaburini. Mama alisimama mbele ya ule ukuta mpya, akasema neno moja tu: "Baba yenu sasa yuko nyuma ya nyumba, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi."

Hapo nilipaswa kusema. Sikusema.

Kisha tarehe kumi na tano Oktoba wakaja kuchimba shimo la choo cha ndani. Nilikuwa nyumbani siku hiyo kwa likizo ya ugonjwa. Mama alirudi kutoka kuchuma chai, kapu bado liko mgongoni, akawakuta wachimbaji wamefika kifuani.

"Mnachimba nini hapo?"

"Shimo la choo, Mama. Mzee Nyakundi ndiye aliyetuonyesha."

"Hapo ni pangu."

"Shamba lote ni lako, Mama," wakamjibu kwa adabu, wakaendelea kurusha udongo.

Aliliweka kapu chini polepole, chai yote ndani yake, na chai ile haikufika kituo cha kuuzia majani. Aliingia ndani, akakunja godoro lake, akalipeleka kwenye jiko la nje, lile la zamani la kuni. Tangu siku hiyo alikuwa akilala mle pamoja na moshi na kuku. Hadi jana zilitimia siku ishirini na tano. Ana kikohozi ambacho kinamkunja kama karatasi. Nilimpeleka zahanati, wakampa dawa, wakamwambia asikae penye moshi. Alishukuru, akarudi penye moshi.

Hakupiga kelele wala hakulia. Aliniambia tu kwamba hawezi kulala ndani ya nyumba ambayo choo chake kimechimbiwa kitandani mwake.

Baba Mdogo aliitisha kikao kwenye hiyo veranda yako. Alikuja amevaa koti la Sabato ingawa ilikuwa Jumanne. "Shemeji," akasema, "kijana amekujengea heshima, nawe unalala na kuku. Watu watasemaje wakija kwenye ibada ya shukrani ya nyumba mwezi wa kumi na mbili?"

"Watasema Nyakundi ana veranda nzuri," akasema Mama.

Shangazi Nyamusi alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Baba Mdogo hakucheka. Alisema mtu akifa hachagui, na kwamba ardhi ni ardhi. Kisha akanigeukia: "Karani wetu. Wewe uliyesoma. Mwambie mama yako."

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyepoteza kalamu, kwamba labda shimo lingeweza kuhamishwa. Akajibu, "Nyanchera, wewe ni wa kuolewa. Kuta za hapa hazina habari nawe." Halafu, kwa upole kabisa, akaniuliza mkataba wangu wa kazi unaisha lini. Unajua vema kwamba yeye ndiye aliyenipeleka kwa mkubwa wangu. Unaisha mwezi wa kumi na mbili. Nikahesabu vigae vya sakafu.

Nikakupigia simu. Nataka ukumbuke ulivyonijibu, kwa sababu mimi sijasahau. Ulicheka, ukasema, "Mambo ya kizamani hayo, Mama atazoea," ukasema uko kazini.

Kaka, nimelelewa kukuheshimu. Lakini ni lazima niseme kwamba niliumia. Mama atazoea nini? Kupita juu ya mahali pake kila asubuhi akisikia maji ya choo yakiteremka? Ulimzika Baba kwa simu. Sikulaumu, karatasi zako hazikuwa tayari, nasi tulikushikia simu juu ili uone. Lakini aliyeshika simu haoni vizuri, na wewe uliona jeneza tu. Hukumwona Mama baadaye, watu walipokwisha kuondoka, akipima nyasi za upande wake kwa hatua zake mwenyewe, pole pole, kama mtu anayepima kitambaa cha nguo. Nyumba hii mlisema ni ya Mama. Kama ni yake, ni nani kati yetu aliyemuuliza?

Na hasira yangu si kwako peke yako. Namkasirikia Baba Mdogo, ambaye anajua mila kuliko sisi sote na huzihubiri kwenye kila matanga, lakini alizisahau siku moja tu, siku alipoona lami. Najikasirikia mimi zaidi.

Sasa sikiliza lililotokea juzi Ijumaa, kabla hujalisikia kwa mdomo mwingine.

Baba Mdogo alikwenda Nakuru kwa mkutano wa kanisa, na atarudi Alhamisi. Fundi Manasseh alifika asubuhi na saruji ya kufunika shimo. Nilikuwa nimevaa tayari kwenda kazini. Nikasimama mbele yake nikamwambia alifukie, achimbe jingine upande wa barabara, ahamishe bomba la sinki, na aufungue ule mlango wa mlimani.

Akanitazama kama mtu aliyesalimiwa na mbuzi. "Dada, hayo amesema nani?"

"Nimesema mimi."

"Neno la mdomo litanitia taabani kwa mzee. Wewe ni mtu wa ofisi. Niandikie."

Alidhani nitarudi nyuma. Nami nilitamani kurudi nyuma, nakuapia. Lakini kuandika ndiyo kazi pekee niijuayo duniani. Nilichana ukurasa wa daftari, nikaandika: "Mimi, Nyanchera Osoro, binti wa marehemu Osoro wa Ekerenyo, nimemwagiza fundi Manasseh kufukia shimo lililo mkono wa kushoto wa mlango wa baba yangu, na kuufungua mlango huo kama ulivyokuwa. Hakuna mwingine aliyeagiza haya." Nikatia tarehe, nambari ya kitambulisho na sahihi. Nikanakili nakala ya pili, nikaiweka kwenye Biblia yangu. Fundi aliisoma taratibu, akaikunja, akaitia kwenye kofia yake. "Sasa hata mimi nina ushahidi," akasema. Kisha, akiwa amechukua koleo: "Tangu mwanzo sikupenda lile shimo. Lakini fundi haulizwi."

Alitaka kulijaza kwa vipande vya matofali ili amalize haraka. Mama alikuwa amesimama kando. Akasema, "Udongo mtupu. Sitaki kulalia matofali." Wachimbaji walitazama chini, na mmoja wao akaanza kuokota vipande vile kimoja kimoja. Walimaliza kuubomoa ukuta wa mlangoni kabla jua la Ijumaa halijatua, Sabato ikatukuta mlango uko wazi. Ubao wake wa zamani tuliupata zizini, ukitumika kuzuia ndama.

Shimo jipya litakuwa upande wa chini, mbele ya veranda, kwa hiyo wageni wako wa shukrani watapita karibu nalo wakitoka barabarani. Samahani kwa hilo. Hapakuwa na mahali pengine panapoteremka.

Leo asubuhi Mama alifagia kutoka mlangoni hadi kaburini, akarudi akifagia upande wa kushoto. Halafu akaingia kwenye jiko la nje akaniita. Nilimkuta ameshika ncha moja ya godoro. Alisema, "Inua upande wako." Tukaliingiza kwa mlango wa mlimani, akatandika, na ninapoandika haya amelala mchana, jambo ambalo sijamwona akilifanya maishani mwangu. Bado anakohoa, lakini usingizini.

Kaka, ninaogopa sana. Ijumaa sikwenda kazini wala sikuomba ruhusa, na Alhamisi Baba Mdogo atashuka barabarani na kuona. Huenda mwezi wa kumi na mbili nikawa sina kazi. Najua moyo wako ni mwema, na ukishasoma barua hii utataka kumpigia simu umwambie kwamba ni wewe uliyetoa amri, ili anisamehe. Usifanye hivyo, nakuomba. Akikuuliza ni nani aliyeufungua mlango wa Osoro, mwambie ni Nyanchera, na kwamba sahihi yake iko kwenye kofia ya fundi.

Mpigie Mama badala yake. Usimweleze kitu. Muulize tu, kwa mara ya kwanza, anataka rangi gani ukutani.

Nisalimie wifi Emily na Linda na kaka yake. Shangazi Nyamusi anakusalimu, anasema bado anacheka. Drusilla atakueleza mengine ya kijijini. Mungu aliyewalinda mkiwa mbali awalinde pia mtakaporudi, na mkifika awaonyeshe mlango wa kuingilia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Nyanchera