Sababu ya Kuikataa Kamera Yako

Mwanangu,

Nimekuficha sababu ya kuikataa kamera mpya uliyoniletea, na sitaki kufa nayo. Mistari ikipanda na kushuka, vumilia.

Kwanza uliniudhi. Ulisimama studioni kwangu, mbele ya wateja, ukasema, "Baba, hilo lidude la filamu lipeleke makumbusho." Dada yako akacheka mpaka akakaa chini. Lidude hilo ndilo lililowasomesha nyote wawili.

Pete ya umbali kwenye lenzi yake nimeichonga alama kwa msumari. Nikiizungusha, kidole kinajua mteja yuko hatua ngapi, na sikio linasikia kila inapogota. Hiyo yako ni kioo kitupu, laini kama sahani. Nikiipapasa inapiga picha ya dari, halafu mnaambiana mzee ana ubishi. Mlijadiliana, mkachanga, mkanunua, na hakuna aliyeniuliza kwa nini napapasa.

Ile picha ya mjukuu wangu uliyonitumia, nikakwambia kwenye simu kwamba ana paji la uso la marehemu mama yako, niliishika tu mkononi. Macho yangu hayaoni tena sura ya mtu.

Ni mimi,
Baba yako