Mdomo wa Scola, Sauti ya Winfrida

Jumanne, 9 Julai 2024

Marcelina, wewe ni mwongo! Naandika hapa kwa sababu mdomo umeshachoka kukusema. Mjukuu wangu mwenyewe, niliyemlea mgongoni, anamwambia mama wa watu "video yako iko njiani." Njiani wapi? Inatembea kwa miguu?

Leo asubuhi Bi Zuhra wa Ujiji kaja mpaka barazani kwangu. Harusi ya mwanawe aliahidiwa kuiona kabla ya Idi. Idi imepita, maharusi wameshagombana na kupatana, video hakuna. Kapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Na Marcelina kajifungia chumbani na kamera yake! Nimetukanwa mimi.

Kupiga video anajua, hilo simnyimi. Kusema na watu hajui. Nimemnyang'anya simu ya kazi. Kuanzia leo wateja ni wangu. Kila Ijumaa kila mwenye kazi yake ataambiwa ilipofika. Hata kama haijafika popote — ataambiwa haijafika popote!

Ijumaa, 12 Julai

Nimepiga simu mpaka sikio limepata moto. Bi Zuhra kashtuka: "Kuna msiba?" Nikamwambia hakuna msiba, kuna Marcelina. Harusi yako imefika kwenye keki, Ijumaa ijayo unaichukua. Kacheka! Mtu aliyetaka kunila nyama Jumanne.

Leonardi, mwenyekiti wa kwaya, naye kafurahi. Eti sasa ofisi imepata mtu mzima. Kazi yao ndiyo kubwa kuliko zote — nyimbo tatu, zilipigwa kule Ilagala, mto unapoingia ziwani. Nilikwenda siku ile kuwapikia. Nilidhani nitasikia watu wakiimba. Wapi! Nyimbo walisharekodi mjini. Pale ufukweni inaimba spika, wao wanafumbua midomo tu na kuyumba.

Isipokuwa mmoja. Winfrida, binti wa muuza dagaa wa Kibirizi, ndiye anayesimama mbele kwenye wimbo wa tatu. Yeye aliimba kweli, juu ya sauti yake mwenyewe iliyokuwa inatoka kwenye spika. Mimi Mkatoliki, kanisa lao silijui ndani. Lakini niliacha mwiko kwenye sufuria nikasimama.

Jumatano, 17 Julai

Leo nina hasira. Mwandiko ukipinda, upinde.

Leonardi kaja jioni, viatu vinang'aa. Bwana asifiwe, shikamoo bibi, poleni na kazi. Nikampa taarifa yake: nyimbo mbili tayari, wa tatu bado kidogo. Akasema kuna badiliko dogo. Mtu mwenye kwaya akisema "dogo", vuta kiti ukae.

Winfrida ana mimba. Hana ndoa. Kanisa limemtenga — haimbi, hasimami na wenzake. Basi uso wake utolewe kwenye video. Jumamosi tuupige upya wimbo huo, ufukweni Ujiji, na Scola, msichana mwingine wa kwaya, asimame mahali pake.

Nikauliza, na sauti?

"Sauti ibaki, bibi. Sauti haina mimba."

Kasema hivyo mtu mzima! Na akacheka peke yake.

Yaani Scola afumbue mdomo, atoke Winfrida. Nikamwambia mkimtenga mtu, mtengeni mzima mzima, na sauti yake nayo ikae nje ya mlango. Eti hakuna mwingine anayefika kule juu, na tamasha la kwaya ni mwezi ujao. Nikauliza, na mwenzake? Mimba hakuipata kwa upepo wa ziwa. Akaangalia viatu vyake. "Hilo linachunguzwa." Marcelina kaniambia baadaye, anayechunguzwa anaimba besi, yumo mstari wa nyuma, meno yote nje. Uso wake hakuna aliyeomba utolewe.

Kisha akanitolea lake la mwisho: "Bibi, mteja ndiye anayeamua."

Nikamwambia mteja ni kwaya. Wewe ndiwe uliyetumwa tu. Wenzako wanajua?

"Watajua wakiiona."

Nikasema hapa kwangu hilo halifanyiki, kwa heri. Marcelina kanivuta nyuma ya pazia. Bibi, kwaya zinaambiana, tukimkatalia huyu hakuna kanisa litakalotuita tena, kamera nitaila? Akatoka, akamkubalia. Mbele yangu!

Alhamisi, 18 Julai

Marcelina hanisemeshi. Ugali wangu lakini kala.

Ijumaa, 19 Julai

Siku ya taarifa. Bi Zuhra kachukua harusi yake, kaniletea sambusa. Wengine nimewapigia simu wote. Nilipomaliza nikajiuliza: na mwenye sauti, kaambiwa na nani? Nikapanda bajaji mpaka Kibirizi.

Winfrida alikuwa anageuza dagaa. Akaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye, bibi," macho chini. Hajui lolote! Alidhani wimbo wote umefutwa. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, hata kile kicheko. Akaendelea kugeuza dagaa.

"Waache, bibi. Nimeshawaaibisha vya kutosha."

Yewe! Nikamkaripia pale pale mama yake akisikia. Umekosea, sawa, hayo ni yako na kanisa lako. Hilo koo limemkosea nani?

Akapangusa mikono. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayesema habari ya kazi tu: "Scola hataweza. Ubeti wa tatu mimi sipumui mpaka mwisho. Yeye atafunga mdomo katikati." Akanionyesha. Akauimba chini chini, mkono umeshika ubavu, na kweli hakupumua. Wanawake waliokuwa wanaanika jirani wakasogea kusikiliza.

Nikamuuliza, nikikuita kesho, utakuja?

"Mbele ya watu wote?"

Kwani Ilagala uliimba mbele ya nani!

Akarudi kwenye dagaa wake. Lakini hakusema hapana.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika hapa hapa ufukweni Ujiji, nimekalia ndoo.

Kwaya imekuja imependeza. Kabla Marcelina hajawasha kamera nikapiga makofi. Nikasema: mimi ndiye ninayewapa wateja taarifa, na wateja ni nyinyi nyote, si mwenyekiti peke yake. Taarifa ni hii. Sauti itakayotoka kwenye spika ni ya Winfrida. Mdomo utakuwa wa Scola. Mkiyumba nyuma yake, yumbeni mkijua. Nimemaliza!

Minong'ono ikaanza. Kumbe waliambiwa Scola kaimba upya! Mama mmoja wa sauti ya pili akamgeukia Leonardi: "Baba Neema, si ulituambia karekodi juzi?" Leonardi akanijia mimi. "Bibi, umevuka mpaka!" Nikamwambia mpaka uko kule katikati ya maji, ng'ambo ni Kongo, mimi nimesimama huku kwetu. Wavuvi wakacheka.

Akaamuru spika iwashwe. Scola kasimama mbele, maskini. Sikumchukia. Ubeti wa kwanza akaenda nao. Wa pili akaenda nao. Wa tatu — kafunga mdomo. Sijui pumzi ilimwishia au alikataa. Spika ikaendelea peke yake, Winfrida anapanda tu, anapanda, na Scola pale mbele midomo imebanwa, machozi yanamtoka. Nyuma yake mama mmoja akaacha kuyumba. Akafuata wa pembeni yake. Mwisho aliyebaki anayumba ni yule wa besi, hajui hata kilichotokea.

Leonardi akapiga kelele: "Kata! Futa hiyo!"

Marcelina hakukata. Mjukuu wangu! Jicho kwenye kamera, mkono umetulia kama jiwe. Kaacha mpaka wimbo ukaisha wenyewe.

Sasa Leonardi yuko kule kwenye mitumbwi, anampigia mchungaji. Kasema video zote apewe leo hii, anahamia studio nyingine. Kwaya haijaondoka. Wamekaa mchangani na sare zao, wanabishana — hawa wanamtaka Winfrida asimame, wale wanamwogopa mchungaji. Scola kavua viatu, kasema mbele harudi hata akibebwa. Jua bado lipo.

Marcelina kaja, kachuchumaa mbele ya ndoo yangu. "Tufanyeje, bibi?" Siku ya kwanza kuniuliza tangu nimnyang'anye simu! Macho mekundu, lakini kamera kaikumbatia.

Haya, sikia. Usifute hata kipande. Kamera lete hapa nifunike na kanga, anayeitaka aje aniinue mimi kwanza. Wewe chukua bodaboda, nenda Kibirizi, mwambie Winfrida bibi anasema sasa. Asitafute sare, asioge, asimngoje mtu ampe ruhusa. Mlete alivyo, mweke mbele, na hiyo spika izime.